Jinsi ya Kuchagua Diski ya Nje kwa Mashine ya Michezo

Katika miji ya Korogwe na Handeni, kama ilivyo katika miji mingi ya Tanzania, vyumba vya michezo ya televisheni vimekuwa jambo la kawaida. Vijana huketi mbele ya televisheni, kila mmoja na padi yake mkononi, wakacheza mpira wa miguu wa kompyuta na kulipa kwa kila mchezo. Kwa mwenye chumba hiyo ni biashara. Kwa wachezaji ni burudani. Lakini kwa mwalimu na mwanafunzi wa sayansi, mashine ile iliyo chini ya televisheni ni kompyuta kamili, na matatizo yake ni matatizo ya kompyuta.

Tatizo moja huja kwa kila mwenye mashine, mapema au baadaye: ghala lake hujaa. Mashine ya PlayStation 4, iliyotolewa mwaka 2013, iliuzwa kwanza ikiwa na diski ya gigabaiti 500. Sehemu ya nafasi hiyo huchukuliwa na programu za mashine yenyewe, na mwenye mali hubakiwa na gigabaiti 400 hivi. Mchezo mmoja wa mpira wa miguu wa siku hizi huhitaji kiasi cha gigabaiti 40 hadi 50, na michezo mingine hupita 100. Mwenye mashine basi hujikuta mbele ya njia mbili: afute mchezo wa zamani ili aweke mpya, au anunue diski ya nje, ile ambayo mitaani huitwa hadi diski.

Kufuta si jambo jepesi kama lionekanavyo. Tuseme mchezo wa gigabaiti 50 ulipakuliwa kwa intaneti yenye mwendo wa megabiti 5 kwa sekunde. Kwa kuwa baiti moja ni biti 8, mchezo huo una biti bilioni 400. Tukigawanya kwa milioni 5 tunapata sekunde 80,000, yaani zaidi ya saa 22 za kupakua, na bando la kulipia gigabaiti zote hizo. Kinachofutwa kwa dakika moja huwa kimegharimu usiku na mchana mzima, pamoja na fedha.

Kwa hiyo watu hununua diski ya nje. Mara nyingi huagizwa Dar es Salaam na kuletwa kwa basi, na ikifika ikiwa mbovu au ya uongo, kuirudisha ni safari na hasara nyingine. Makala haya yakusudia kueleza mambo ambayo mnunuzi yampasa kuyajua kabla fedha hazijatoka mfukoni, na sababu za kisayansi zilizo nyuma ya kila jambo.

Mashine yenyewe yataka nini?

Jambo la kwanza si diski, bali mashine itakayoitumia. Hakuna diski iliyo nzuri kwa kila mashine.

PlayStation 3, iliyotolewa mwaka 2006, haikutengenezwa kuendesha michezo yake kutoka diski ya nje. Diski hiyo hutumiwa kuhifadhia nakala, picha na muziki tu, nayo yapasa iwe imefomatiwa kwa utaratibu uitwao FAT32. Utaratibu huo huandika ukubwa wa faili kwa tarakimu 32 za mfumo wa namba mbili, kwa hiyo faili moja haiwezi kuzidi baiti 4,294,967,295, yaani 2 kwa kipeo cha 32 kutoa 1. Mwanafunzi aliyejifunza vipeo aweza kuthibitisha hesabu hiyo mwenyewe.

PlayStation 4 iliruhusiwa kutumia diski ya nje kwa michezo kuanzia Machi 2017, ilipotolewa programu ya toleo la 4.50. Masharti yake ni kwamba diski iwe ya USB 3.0, iwe na ukubwa usiopungua gigabaiti 250 wala kuzidi terabaiti 8, na iunganishwe moja kwa moja na mashine bila kupitia kigawanyaji cha matundu ya USB. Mashine huifomati diski hiyo kwa namna yake yenyewe. Vyote vilivyokuwamo hufutika, na baada ya hapo kompyuta ya kawaida haiwezi kuisoma. Asiyejua jambo hili aweza kupoteza picha za arusi za jamaa zake kwa kubonyeza padi mara moja. Kadhalika yafaa kukumbuka kwamba diski hiyo hubeba michezo yenyewe tu. Kumbukumbu za maendeleo ya mchezaji hubaki ndani ya mashine.

PlayStation 5, ya mwaka 2020, ina masharti yaliyo tofauti. Diski ya nje ya USB yaweza kuendesha michezo ya PlayStation 4, lakini michezo iliyotungwa kwa PlayStation 5 huweza kuhifadhiwa tu humo; kabla ya kuchezwa hapana budi irudishwe ndani ya mashine. Anayetaka kuongeza nafasi ya kuchezea michezo hiyo hununua diski ya namna nyingine, iitwayo M.2, inayofungwa ndani ya mashine. Tundu lake lilifunguliwa kwa matumizi mwezi Septemba 2021. Mashine za Xbox Series X na Series S za kampuni ya Microsoft zafuata kanuni inayokaribiana na hiyo kwa michezo mipya. Nintendo Switch haitumii kabisa diski ya nje kwa michezo yake. Hutumia kadi ndogo ya kumbukumbu.

Basi mwenye PlayStation 4 na mwenye PlayStation 5 wakiingia dukani pamoja, diski ileile yaweza kumfaa sana wa kwanza na kumfaa kidogo tu wa pili.

Namna mbili za diski

Diski za nje ni za namna mbili: zinazozunguka na zisizozunguka.

Diski inayozunguka ni mjukuu wa mashine ya IBM iliyoitwa RAMAC, iliyotokea mwaka 1956. Ghala la mashine hiyo lilikuwa na sahani 50, kila moja yenye upana wa inchi 24, nalo liliweka herufi milioni 5 tu. Lilikuwa na uzito wa karibu tani moja. Kanuni yake haijabadilika hata leo: sahani iliyopakwa utando mwembamba wa sumaku huzunguka, na kichwa kidogo huelea juu yake. Kichwa kikiandika, hugeuza mwelekeo wa sumaku katika vipande vidogo sana vya utando. Kikisoma, huhisi mwelekeo huo. Upande mmoja wa sumaku huhesabiwa kuwa biti moja, na upande wa pili biti nyingine.

Ili kusoma vipande vidogo zaidi ilihitajika njia ya kuhisi sumaku dhaifu sana. Njia hiyo ilipatikana mwaka 1988, pale Albert Fert wa Ufaransa na Peter Grünberg wa Ujerumani, kila mmoja kwa kazi yake, walipogundua kwamba tabaka nyembamba za metali hubadili sana ukinzani wake wa umeme zikiwa katika uwanja wa sumaku. Mwaka 2007 walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Mwanafunzi anayesoma habari za ukinzani na sumaku asidhani kwamba mambo hayo hukaa vitabuni tu.

Diski ndogo ya nje yenye upana wa inchi 2.5 aghalabu huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde. Sahani yake ina kipenyo cha milimita 65 hivi, kwa hiyo mzingo wake ni milimita 204. Zidisha kwa 90, utapata mita 18.4 kwa sekunde, au kilometa 66 kwa saa. Barabara ya lami kutoka Korogwe hadi Handeni ina urefu wa kilometa 65. Ukingo wa sahani ile, iliyo ndani ya kisanduku kinachoenea kiganjani, husafiri basi umbali wote wa Korogwe hadi Handeni kwa saa moja. Nacho kichwa cha kusomea hubaki kikielea juu yake kwa nafasi ya nanometa chache tu. Unywele mmoja wa binadamu una unene wa nanometa makumi elfu.

Diski isiyozunguka, ijulikanayo kwa herufi SSD, haina sahani wala kichwa. Huhifadhi habari kwa kunasa elektroni ndani ya vyumba vidogo mno vya silikoni. Kumbukumbu ya namna hiyo ilibuniwa na Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba, aliyeieleza mbele ya wanasayansi wenzake mwaka 1984. Chumba chenye elektroni na chumba kisicho nazo hutofautishwa kwa umeme, bila kitu chochote kusogea.

Tofauti hiyo ya maumbile ndiyo chanzo cha tofauti nyingine zote. Diski inayozunguka hutoa nafasi kubwa kwa fedha kidogo, lakini huogopa kuanguka ikiwa kazini. SSD ni nyepesi na yenye kasi, tena huvumilia mtikisiko, lakini kwa kila gigabaiti bei yake huwa juu zaidi.

Ukubwa ulioandikwa na ukubwa unaoonekana

Watu wengi hulalamika kwamba wamenunua diski ya terabaiti 1, yaani gigabaiti 1,000, lakini kompyuta ikaonyesha 931 tu. Hapa hakuna wizi. Mtengenezaji huhesabu kwa makumi: kwake terabaiti 1 ni baiti 1,000,000,000,000. Kompyuta nyingi huhesabu kwa vipeo vya 2, na kwao gigabaiti moja ni baiti 1,073,741,824. Gawanya namba ya kwanza kwa ya pili, utapata 931. Ni kitu kilekile kilichopimwa kwa vipimo viwili, mfano wa kupima kitambaa kwa yadi na kwa mita. Mwaka 1998 Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme ilitoa majina mapya ili kutenganisha vipimo hivyo, lakini majina hayo hayajaenea madukani.

Mnunuzi ajiwekee basi hesabu rahisi: kwenye kompyuta ya namna hiyo, gigabaiti 500 huonekana kuwa 465 hivi, terabaiti 1 kuwa 931, na terabaiti 2 kuwa 1,862. Upungufu wa kiasi hicho ni wa halali. Upungufu mkubwa kuliko huo una sababu nyingine, nayo tutaijia.

Kwa chumba cha michezo kinachotumia PlayStation 4, diski ya terabaiti 1 yatosha michezo 20 ya gigabaiti 50, hata kidogo ikipungua. Ni vyumba vichache vyenye haja ya zaidi ya hapo. Kununua terabaiti 4 kwa ajili ya michezo 8 ni kulipia ghala tupu.

Kasi: tundu, waya na diski

Kasi ya kunakili data hutegemea kiungo kilicho dhaifu kuliko vyote: tundu la mashine, waya, au diski yenyewe. USB 2.0 ina kikomo cha megabiti 480 kwa sekunde, na katika kazi halisi hutoa kiasi cha megabaiti 30 kwa sekunde. USB 3.0 ina kikomo cha gigabiti 5. Tukichukua mchezo wetu wa gigabaiti 50, kuunakili kwa megabaiti 30 kwa sekunde huchukua dakika 28. Diski inayozunguka, ikiwa kwenye tundu la USB 3.0 na kutoa megabaiti 100 kwa sekunde, huumaliza kwa dakika 8 na sekunde 20. SSD inayotoa megabaiti 400 kwa sekunde hutumia dakika 2 na sekunde 5.

Tundu la USB 3.0 hujulikanaje? Mara nyingi plastiki iliyo ndani yake ni ya buluu, lakini rangi si sheria. Alama ya uhakika zaidi ni kuhesabu vipande vya metali: plagi ya USB 2.0 ina 4, na ya USB 3.0 ina 9. Diski nzuri iliyounganishwa kwa waya mbovu wa zamani hugeuka kuwa ya polepole, na mwenyewe huilaumu diski bure.

Lakini kunakili si kucheza. Wakati wa kuufungua mchezo, mashine huomba maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika. Kwenye diski inayozunguka, kila ombi humtaka yule kichwa asogee hadi mahali pake, kisha asubiri sahani imfikie. Sahani hutumia milisekunde 11.1 kuzunguka mara moja, kwa hiyo kungoja huko ni wastani wa milisekunde 5.6. Tukiongeza milisekunde 12 za kusogea, tunapata karibu 18. Vipande 5,000 vya namna hiyo vitachukua sekunde 90. Kwa SSD, ambayo kila ombi hujibiwa kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya milisekunde, vipande hivyohivyo havifiki sekunde moja. Hesabu hii ni ya mfano tu, kwani michezo haifanani. Lakini yaeleza kwa nini SSD huhisiwa kuwa na kasi kuliko inavyotarajiwa kwa kutazama megabaiti peke yake.

Umeme, joto na vumbi

Mto Pangani hupita Korogwe, na katika wilaya hiyo kipo kituo cha Hale kilichoanza kufua umeme mwaka 1964. Hata hivyo kuwa jirani na kituo si kinga ya kukatika kwa umeme, kwa sababu nguvu zote huingia katika gridi ya taifa na kutoka humo. Mnunuzi wa diski hapana budi alifikirie jambo hili.

Diski za inchi 2.5 hupata umeme wake wote kwa waya wa USB. Tundu la USB 3.0 hutoa volti 5 na ampea 0.9, yaani wati 4.5, na kiasi hicho huzitosha. Diski kubwa za inchi 3.5 huhitaji chaja yake ya volti 12, yaani plagi moja zaidi ukutani na kifaa kimoja zaidi cha kuungua umeme unaporuka. Kwa chumba kinachotumia sola au betri ya akiba, diski ndogo ndiyo ifaayo.

Umeme ukikatika wakati diski inaandika, faili iliyokuwa ikiandikwa huharibika, na mashine ikiwashwa tena hulazimika kuikagua diski. Kwa sababu hiyo michezo isipakuliwe wala kuhamishwa wakati umeme unapoyumba. Tena diski isichomolewe kabla ya kuiamuru mashine iache kuitumia.

Joto nalo lina kikomo chake. Watengenezaji kadhaa wa diski za nje huandika kwamba hewa inayoizunguka isizidi nyuzi 35 za Selsiasi. Katika miezi ya joto, chumba chenye bati lisilo na dari, televisheni kadhaa na watu wengi huweza kukifikia kiwango hicho. Diski isiwekwe juu ya mashine, mahali panapotoka hewa ya moto, wala isifunikwe kwa kitambaa kwa nia ya kuikinga na vumbi. Iwekwe pembeni, mahali tambarare pasipotikisika, penye hewa.

Vumbi halimfikii kichwa kirahisi, kwa maana diski imefungwa vizuri na tundu lake la hewa lina kichujio. Vumbi huharibu zaidi matundu ya USB na feni ya mashine. Lakini anayefungua diski inayozunguka ili kutazama ndani ameiua: chembe moja ya nanometa 1,000 ni jabali mbele ya kichwa kinachoelea kwa nanometa chache.

Wengine huuliza kama diski itafanya kazi huko milimani. Kichwa huelea kwa nguvu ya hewa, na hewa hupungua kadiri tunavyopanda. Watengenezaji wengi kwa hiyo huweka kikomo cha mita 3,000 hivi. Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hakuna hatari. Kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, ni habari nyingine.

Diski za uongo

Sasa tufike kwenye hatari iliyo kubwa kuliko zote. Zipo sokoni, duniani kote, diski zinazotangaza ukubwa zisio nao. Nje pameandikwa terabaiti 2, au 16. Ukiiunganisha, kompyuta nayo husema 2, au 16. Lakini ndani mna kumbukumbu ndogo ya gigabaiti chache. Baadhi ya visanduku vya namna hiyo vilipofunguliwa vilikutwa na kadi ndogo ya kumbukumbu, pamoja na vipande vya chuma vilivyogundishwa ili kuongeza uzito.

Yawezekanaje kompyuta idanganywe? Kompyuta haihesabu vyumba vya kumbukumbu. Huuliza, na kidhibiti kilicho ndani ya diski hujibu. Kidhibiti kikiwa kimepangwa kusema uongo, kompyuta huuamini.

Katika Handeni, ambako maji yamekuwa haba kwa miaka mingi na mradi mkubwa wa maji wa HTM huyavuta kutoka Mto Pangani upande wa Korogwe, kila mtu ajua thamani ya dumu la lita 20. Tuseme mtu auza dumu lililoandikwa lita 20, nalo lina kitako cha uongo na laingia lita 2 tu. Mnunuzi atagundua papo hapo, maana maji yatafurika. Diski ya uongo ni mbaya zaidi, kwa kuwa haifuriki. Ikijaa, huendelea kupokea data na kusema kwamba yote ni salama, huku ikiandika juu ya data za zamani au kuzitupa zile mpya. Majina ya faili huonekana kama kawaida. Ni siku ya kufungua faili ndipo mwenyewe ajuapo kwamba ndani hamna kitu.

Ishara ya kwanza ni ahadi isiyowezekana. Diski ya kwanza inayozunguka ya inchi 2.5 yenye terabaiti 6 kwa matumizi ya kawaida ilitolewa mwaka 2024. Kwa hiyo diski ndogo ya mfukoni inayosemwa kuwa ya terabaiti 16, kwa bei ya chini kuliko ile ya terabaiti 1, haihitaji hata kupimwa.

Uongo wa namna ya pili ni kuuza kilichotumika kama kipya. Mapema mwaka 2025 iligunduliwa nchini Ujerumani kwamba diski nyingi za kampuni ya Seagate zilizouzwa na maduka kama mpya zilikwisha kufanya kazi makumi elfu ya saa, na kumbukumbu yake ya saa ilikuwa imefutwa. Walionunua walitambua kwa kusoma kumbukumbu ya pili iliyo ndani zaidi ya diski. Kama nchi yenye maduka makubwa na sheria kali iliweza kupatwa na hayo, mnunuzi wa Korogwe asione aibu kupima.

Namna ya kupima

Kipimo cha ukubwa ni rahisi katika wazo lake: ijaze diski yote kwa data zinazojulikana, kisha zisome zote na kuzilinganisha. Zikirudi kama zilivyokwenda, diski ni ya kweli. Programu mbili za bure, H2testw na F3, hufanya kazi hiyo. Kipimo kifanywe diski ikiwa tupu, na kabla ya kuifomati kwa mashine ya michezo.

Yahitaji subira. Terabaiti 1 kwa megabaiti 100 kwa sekunde huandikwa kwa sekunde 10,000, yaani saa 2 na dakika 47, na kusoma huchukua kiasi hichohicho. Jumla ni saa tano na nusu. Ni muda mrefu, lakini ni robo tu ya muda wa kupakua mchezo mmoja katika mfano wetu wa mwanzo.

Kwa diski inayozunguka, kuna kipimo cha pili. Diski hujiwekea daftari la afya yake, liitwalo SMART, na programu kama CrystalDiskInfo hulisoma. Mambo mawili yaangaliwe: saa ilizofanya kazi, na idadi ya sehemu mbovu zilizohamishwa. Mwaka una saa 8,760. Diski iitwayo mpya yenye saa 9,000 imekwisha kufanya kazi mwaka mzima bila kuzimwa.

Mnunuzi apatane na muuzaji, kwa maandishi, kwamba atapewa siku chache za kupima, na atunze stakabadhi. Muuzaji mwaminifu hatakataa. Tume ya Ushindani ndiyo yenye jukumu la kupambana na bidhaa bandia nchini, na malalamiko yenye stakabadhi na matokeo ya kipimo yana uzito kuliko manung'uniko matupu.

Kazi kwa darasa

Walimu wa fizikia, hisabati na kompyuta waweza kuyageuza haya kuwa zoezi. Kila kundi la wanafunzi lilete flashi au kadi ya kumbukumbu iliyo tupu. Ndogo hupimwa upesi kuliko diski. Waandike katika jedwali ukubwa ulioandikwa nje, ukubwa unaoonyeshwa na kompyuta, ukubwa uliothibitishwa kwa kipimo, na kasi ya kuandika na kusoma. Kisha wakokotoe: je, tofauti ya namba mbili za kwanza yaelezwa na vipeo vya 2, au ina sababu nyingine? Kifaa kimoja kikionekana cha uongo, darasa litakuwa limejifunza jambo ambalo mtihani hauulizi.

Klabu ya sayansi ya shule yaweza kwenda mbele zaidi na kuwapimia watu wa mjini diski zao kabla hazijajazwa. Na si michezo peke yake ihusikayo. Diski ileile inayomfaa mwenye chumba cha michezo ndiyo iwekayo alama za wanafunzi, hesabu za chama cha ushirika na maktaba ya vitabu vya shule isiyo na intaneti. Mchezo uliopotea hupakuliwa tena. Alama za Kidato cha Nne zilizoandikwa katika diski ya uongo hazina pa kupakuliwa. Kwa hiyo chochote kisicho na mbadala kiwekwe mahali pawili, hata kama diski imepimwa.

Kwa kifupi, anayetaka kununua afuate utaratibu huu. Kwanza, ajue mashine yake yakubali nini. Pili, ahesabu michezo aliyo nayo na achague ukubwa unaomtosha. Tatu, achague inayozunguka kama haja yake ni nafasi, au SSD kama haja yake ni kasi na fedha anazo. Nne, ahakikishe tundu na waya ni vya USB 3.0. Tano, aipime diski kabla ya kuweka chochote ndani yake. Hatua nne za kwanza zaweza kufanywa kwa kusoma maandishi ya kwenye kasha. Ya tano ndiyo itakayoonyesha kama maandishi hayo yalikuwa ya kweli.